Kabonili Inayosubiri: Njia za Kusanisi Ketoni za Silili

Ketoni ni jamii ya kampaundi za kemia ogania zinazotambulika kwa kundi la kabonili, yaani atomi ya kaboni iliyoshikana na atomi ya oksijeni kwa kifungo maradufu, na ambayo katika pande zake mbili zilizobaki hupakana na atomi nyingine za kaboni. Asetoni, kiyeyushi kinachotumika kuondoa rangi ya kucha, ndiyo ketoni ambayo watu wengi wameigusa bila kujua jina la jamii yake. Iwapo jirani mmoja kati ya hao wawili ataondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na atomi ya silikoni, ambayo nayo hubeba makundi mengine matatu, kampaundi inayopatikana huitwa ketoni ya silili, na katika maandishi mengi ya kitaalamu huitwa pia asilisilani. Kwenye karatasi badiliko hilo ni dogo mno, kwa kuwa silikoni imo katika safu ileile ya jedwali la elementi ilimo kaboni, nayo hufunga vifungo vinne kama ifungavyo kaboni. Lakini ndani ya chupa ya maabara ni badiliko linaloonekana kwa macho, maana ketoni nyingi za kawaida hazina rangi ilhali nyingi za silili ni za manjano.

Rangi hiyo ina sababu yake. Silikoni huvuta elektroni kwa nguvu ndogo kuliko kaboni, kwani katika kipimo cha Pauling silikoni hupewa 1.90 na kaboni 2.55, hivyo silikoni iliyo jirani na kabonili husukuma elektroni kuelekea kundi hilo na kupunguza nishati inayohitajika ili elektroni iruke kutoka ngazi moja hadi nyingine. Ketoni ya kawaida hufyonza mionzi ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 280 hivi, ambayo jicho haliioni. Ketoni ya silili yenye mnyororo wa kawaida wa kaboni hufyonza karibu na nanomita 370, na ile iliyounganishwa na pete ya benzini hufika karibu na 420, ambako nuru ya zambarau huanza kumezwa na macho huona manjano. Vipimo vya mionzi ya infraredi husimulia habari hiyohiyo kwa njia nyingine: kabonili ya ketoni ya kawaida hutikisika karibu na alama ya 1715 kwa sentimita, ilhali ile ya asetiltrimethilisilani, mojawapo ya ketoni sahili za silili, hushuka hadi karibu na 1645. Kifungo kati ya silikoni na kabonili nacho ni kirefu kupita kawaida, kwani katika asetiltrifenilisilani kimepimwa kuwa angstromu 1.93 hivi, wakati vifungo vingine vya silikoni na kaboni huwa karibu na 1.87.

Urefu huo ni dalili ya ulegevu, na ulegevu huo ndio kiini cha sura hii. Kifungo cha silikoni na kaboni huhitaji takriban kilojuli 320 kwa moli ili kivunjwe, ilhali kifungo cha silikoni na oksijeni huhitaji takriban 450, maana yake ni kwamba silikoni iliyowekwa jirani na oksijeni huwa na hamu ya kudumu ya kuiacha kaboni na kuhamia kwenye oksijeni. Hamu hiyo ndiyo inayozifanya ketoni za silili ziwe na thamani kwa wakemia, kwa sababu huwawezesha kuunda vifungo vipya vya kaboni kwa njia ambazo ketoni za kawaida haziruhusu. Na hamu hiyohiyo ndiyo inayofanya usanisi wake uwe mgumu, kwa kuwa njia za kawaida za kutengeneza ketoni, zinazotegemea besi kali, vioksidishaji vikali au asidi yenye joto, huikata silikoni kabla zao halijatoka chupani. Kutokana na hali hiyo, takriban kila njia iliyofanikiwa imetegemea wazo moja, nalo ni kuifunga silikoni kwenye kaboni wakati kabonili bado imefichwa katika umbo lingine, kisha kuifichua kabonili mwishoni kwa hatua iliyo pole kadiri iwezekanavyo.

Kabla ya wazo hilo kueleweka, maabara ya Henry Gilman katika jimbo la Iowa nchini Marekani ilikuwa imekwisha kukutana na tabia hii ya silikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliunganisha kampaundi ya trifenilisilili na potasi, ambamo silikoni hubeba chaji hasi, na ketoni iitwayo benzofenoni, na badala ya kupata alkoholi ambayo silikoni yake imeshikana na kaboni wakapata kampaundi ambayo silikoni yake imeshikana na oksijeni, kana kwamba silikoni ilikuwa imeiendea ncha isiyo yake. Adrian Brook wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada ndiye aliyetoa maelezo yaliyodumu, alipoonyesha kuwa alkoholi zenye silikoni kwenye kaboni ileile inayobeba oksijeni hugeuka, mbele ya kiasi kidogo tu cha besi, na kuwa etha ambazo silikoni imehamia kwenye oksijeni. Uhamaji huo leo huitwa mhamo wa Brook, na mtu asiyeuelewa hawezi kuelewa kwa nini njia nyingi zinazoonekana rahisi hushindwa.

Brook huyohuyo ndiye aliyetangaza ketoni ya kwanza ya silili mwaka 1957, nayo ilikuwa benzoiltrifenilisilani, ambayo upande mmoja wa kabonili yake una pete ya benzini na upande wa pili una silikoni inayobeba pete tatu za namna hiyo. Njia yake yastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa mbegu ya karibu njia zote zilizofuata imo ndani yake. Alianza na kampaundi ambayo silikoni tayari imeshikana na kaboni isiyo na oksijeni yoyote, akaondoa hidrojeni mbili za kaboni hiyo na kuweka bromini mbili mahali pake, kisha akaziondoa bromini hizo kwa chumvi ya fedha mbele ya maji, na kabonili ikatokea. Chumvi ya fedha haikuchaguliwa kwa bahati: fedha huishika bromini kwa nguvu na kuivuta bila kuhitaji alkali, na alkali ingeiharibu ketoni papo hapo kwa kuikata silikoni na kuacha aldehidi. Udhaifu wa njia hii ulikuwa katika upana wake, kwani inafaa zaidi pale ambapo kaboni inayobadilishwa imepakana na pete ya benzini, ambayo huzifanya hidrojeni zake ziwe rahisi kuondolewa. Kwa ketoni zenye minyororo ya kawaida haikuwa na msaada mkubwa.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1967, pale ripoti mbili zilipochapishwa zikifuatana katika toleo moja la jarida la Chama cha Kemia cha Marekani, moja kutoka kwa Brook na wenzake na nyingine kutoka kwa Elias Corey wa Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na Dieter Seebach na mwenzao mwingine. Zote mbili zilitumia dithiani, yaani pete yenye atomi sita ambamo nne ni kaboni na mbili ni salfa, ambayo hupatikana aldehidi inapounganishwa na propanidithioli, kioevu chenye harufu kali ya salfa. Ili kuona uzuri wa wazo hilo inafaa kukumbuka kwamba kaboni ya kabonili katika aldehidi huwa na chaji chanya kidogo, kwa sababu oksijeni huvuta elektroni zake, na silikoni inayouzwa madukani katika umbo la klorotrimethilisilani huwa nayo ni chanya. Chanya mbili haziwezi kuvutana zikafunga kifungo. Oksijeni inapobadilishwa na salfa mbili, hidrojeni iliyobaki kwenye kaboni hiyo huwa na asidi ya kutosha kuondolewa na butililithi, besi kali sana, katika kiyeyushi cha tetrahidrofurani kilichopozwa hadi chini kabisa ya nyuzi sifuri za Selsiasi, na kaboni hubaki na chaji hasi. Kaboni iliyokuwa ikipokea elektroni sasa huzitoa, na silikoni chanya ikiongezwa kifungo hufungwa mara moja.

Kabonili, katika hatua hiyo, bado haipo. Iko chini ya salfa, na hilo ndilo linaloilinda silikoni, kwa sababu hakuna oksijeni karibu ya kuhamia. Kampaundi yaweza kusafishwa, kuhifadhiwa na hata kufanyiwa mabadiliko mengine katika sehemu zake nyingine. Ni pale tu mkemia anapokuwa tayari ndipo salfa huondolewa kwa chumvi za zebaki katika maji na methanoli, kwa kuwa zebaki huishika salfa kwa nguvu inayozidi ile ya karibu metali nyingine zote, na oksijeni ya maji huingia mahali pa salfa. Njia ya dithiani imebaki kuwa njia ya kurejewa kwa zaidi ya nusu karne, na kwa haki, maana ni adimu kupata njia inayofaa kwa minyororo mifupa na mirefu, kwa pete na kwa silikoni za aina mbalimbali, huku ikitumia malighafi ambazo karibu kila maabara inazo.

Ubaya wake ni zebaki. Katika Afrika Mashariki madhara ya metali hii yanajulikana vizuri kutokana na matumizi yake katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, na maabara inayozalisha mabaki yake kwa kila gramu ya zao inajitwisha mzigo ambao hauishi jaribio likiisha. Kwa sababu hiyo juhudi nyingi zimeelekezwa katika kutafuta namna nyingine ya kuiondoa salfa: methili iodidi, ambayo huipa salfa kundi la methili na kuifanya iwe rahisi kung'oka, ikitumiwa pamoja na kalisi kaboneti ya kumeza asidi inayotokea, au kampaundi za iodini yenye vifungo vya ziada, ambazo Gilbert Stork wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha mwaka 1989 kuwa hufungua dithiani kwa upole na kwa muda mfupi. Hakuna mbadala mmoja unaofaa kila mahali, kwa kuwa kioksidishaji kinachotosha kuishambulia salfa huenda kikaishambulia pia ketoni ya silili baada ya kuzaliwa, na mkemia hulazimika kupima ni kipi kitatangulia.

Salfa si maficho pekee. Kabonili yaweza kufichwa pia katika etha ya vinili, yaani kampaundi ambayo oksijeni imeshikana na moja ya kaboni mbili zilizounganishwa kwa kifungo maradufu. Hidrojeni ya kaboni hiyo huondolewa kwa besi kali ya lithi, silikoni huingizwa mahali pake, na asidi dhaifu katika maji humaliza kazi kwa kuigeuza etha kuwa ketoni. John Soderquist wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico alistawisha njia hii katika miaka ya 1980, na kwa asetiltrimethilisilani ni vigumu kuona sababu ya kuchagua nyingine, kwani haina zebaki, haina harufu ya salfa, na mabaki yake makubwa ni methanoli na chumvi. Mipaka yake ni kwamba etha za vinili za kuanzia si nyingi, hivyo upana wake haufikii ule wa dithiani. Ipo pia njia ya boroni, ambayo huanza na alkaini, yaani kampaundi yenye kifungo cha kaboni mara tatu, ikiwa na silikoni kwenye ncha yake. Boroni huvutwa kwenye kaboni ileile inayobeba silikoni, na uoksidishaji wa pole kwa oksidi ya trimethilamini hubadilisha boroni hiyo kuwa oksijeni ya ketoni. Neno pole hapa lina uzito wake, kwa maana mchanganyiko wa peroksidi ya hidrojeni na alkali, ambao ndio uliozoeleka katika kemia ya boroni, huipitisha kampaundi hatua ya ketoni hadi kuwa asidi isiyo na silikoni.

Rick Danheiser na wanafunzi wake katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walichukua mwelekeo wa kushangaza zaidi, kwa sababu waliugeuza mhamo wa Brook, adui wa kila usanisi wa aina hii, ukawa mtumishi. Walianza na alkoholi ya alili, kampaundi ya bei nafuu yenye kaboni tatu, wakaweka silikoni kwenye oksijeni yake, kisha kwa besi kali mno ya lithi katika nyuzi -78 wakaondoa hidrojeni ya kaboni iliyo jirani na oksijeni hiyo. Kaboni yenye chaji hasi ni kali kuliko oksijeni yenye chaji hasi, na kwa kuwa chaji hupenda kutulia kwenye oksijeni, silikoni husukumwa kutoka kwenye oksijeni na kuhamia kwenye kaboni, kinyume kabisa cha mwelekeo uliozoeleka. Kinachopatikana ni alkoholi yenye silikoni kwenye kaboni ileile inayobeba oksijeni, na hatua moja ya uoksidishaji huigeuza kuwa ketoni ya silili yenye kifungo maradufu cha kaboni kandokando ya kabonili. Uoksidishaji huo wenyewe ulihitaji uangalifu, kwani vioksidishaji vya kromi vilivyozoeleka huweza kukata kifungo cha silikoni na kaboni, na ni njia ya Swern, inayotumia dimethili salfoksidi iliyoamshwa na oksalili kloridi katika baridi kali, iliyotoa matokeo ya kutegemewa.

Njia zote zilizotajwa hadi hapa huikwepa kabonili. Swali ambalo lilibaki kwa muda mrefu ni kama silikoni yenye chaji hasi, ile ya maabara ya Gilman, ingeweza kupelekwa moja kwa moja kwenye kloridi ya asidi, yaani kampaundi yenye kabonili na klorini inayong'oka kwa urahisi, ikafukuza klorini na kuketi mahali pake. Hesabu ya vifungo inaruhusu, na hatua ni moja tu. Tatizo ni kwamba ketoni ya silili inayozaliwa nayo ina kabonili, na silikoni ya pili inayosubiri humo chupani huishambulia kabla ya mkemia kuwahi. Tokeo la shambulio hilo la pili ni alkoholi yenye silikoni mbili, na kwa kuwa ina oksijeni yenye chaji hasi jirani na silikoni, mhamo wa Brook hufuata.

Pale ambapo silikoni yenyewe ni kubwa kiasi cha kujizuia, njia hiyo hufanya kazi. Silikoni inayobeba makundi matatu ya trimethilisilili ni pana mno kuweza kusongamana mara mbili kwenye kaboni moja, na ketoni za silili za aina hiyo zilimfikisha Brook kwenye ugunduzi ambao ulitikisa kemia ya silikoni. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba silikoni haiwezi kufunga kifungo maradufu na kaboni kikadumu, lakini mwaka 1981 kundi lake la Toronto lilimulika ketoni moja ya namna hiyo, ambayo upande wake wa pili ulikuwa na kizimba kipana cha kaboni kiitwacho adamantani, na chini ya mwanga kundi moja la silili likahama kutoka kwenye silikoni hadi kwenye oksijeni na kuacha kampaundi imara yenye kifungo maradufu kati ya silikoni na kaboni. Vipimo vya fuwele zake vilionyesha kifungo cha angstromu 1.764, kifupi waziwazi kuliko vifungo vyovyote vya kawaida vya elementi hizo mbili. Kwamba ketoni ya silili ilikuwa mlango wa kufikia hapo ni jambo ambalo hutajwa mara chache kuliko linavyostahili.

Kwa silikoni ndogo, ufumbuzi ulihitaji kupunguza ukali wa mshambuliaji. Shaba ilifanya hivyo: silikoni iliyoshikana na lithi ikichanganywa na chumvi ya shaba hutoa kampaundi iitwayo kuprati, ambayo huzishambulia kloridi za asidi lakini huziacha ketoni kwa kiasi kikubwa, na wakemia wa Italia walionyesha mwaka 1988 kuwa njia hii hutoa ketoni za silili za aina nyingi. Paladi nayo ilijaribiwa mapema, mwaka 1980, ambapo Jiro Tsuji na wenzake nchini Japani waliitumia kama kichocheo cha kuunganisha kloridi za asidi na heksamethilidisilani, kampaundi yenye silikoni mbili zilizoshikana. Paladi, hata hivyo, ina tabia ya kuing'oa kabonili yote ikatoka kama gesi ya kaboni monoksidi joto likipanda, kiasi kwamba Jonathan Rich wa General Electric aliigeuza tabia hiyo mwaka 1989 kuwa njia ya makusudi ya kutengeneza kampaundi ambazo silikoni imeshikana moja kwa moja na pete ya benzini.

Njia inayoonekana kuwa na busara kuliko zote kwa maabara ya leo ni ile ya amidi, na hasa amidi za morfolini, ambazo Karl Scheidt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliziripoti mwaka 2004. Amidi ni kampaundi ambayo kabonili yake imeshikana na naitrojeni, na morfolini ni pete yenye naitrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Dimethilifenilisilili-lithi, ambayo hutengenezwa kwa kukoroga vipande vya lithi na klorosilani yake katika tetrahidrofurani hadi myeyusho uwe mwekundu uliokoza, huongezwa kwenye amidi katika nyuzi -78, na silikoni huketi kwenye kaboni ya kabonili. Hapo mmenyuko husimama. Naitrojeni haing'oki kirahisi kama klorini, hivyo kaboni hubaki imezungukwa na vifungo vinne, mojawapo kikiwa cha oksijeni yenye chaji hasi iliyoshikwa na lithi, na kwa kuwa hakuna kabonili yoyote chupani hakuna cha kushambuliwa mara ya pili. Kundi la fenili kwenye silikoni si pambo, kwani ndilo linalowezesha lithi kuunganishwa nayo moja kwa moja. Trimethilisilili-lithi, isiyo na pete hiyo, kwa njia ya W. Clark Still ya mwaka 1976 ilihitaji kutengenezwa mbele ya heksamethilifosforamidi, kiyeyushi kinachoshukiwa kusababisha saratani.

Kampaundi hiyo inayosubiri katika baridi ndiyo sehemu nyeti ya kazi yote, kwa sababu oksijeni yenye chaji hasi na silikoni ziko jirani kabisa, na mhamo wa Brook unahitaji joto kidogo tu ili uanze. Ian Fleming wa Cambridge, aliyechunguza mimenyuko ya silili-lithi na amidi kwa miaka mingi, alionyesha kwamba badiliko la joto au la uwiano wa malighafi hutosha kuyageuza mazao kuwa kampaundi nyingine kabisa zenye naitrojeni. Kwa hiyo myeyusho wa kloridi ya amonia hutiwa wakati chupa ingali katika baridi, ili oksijeni ipate hidrojeni yake kabla silikoni haijaihamia, kisha naitrojeni hung'oka, kabonili hufunguka, na mchanganyiko hugeuka manjano.